Uso Kwenye Mfuko wa Unga

Mkolani, jioni

Mwanangu Limi,

Salamu siandiki, maana asubuhi uliniamkia nikaitika, na sasa hivi umetoka kwenda Kirumba kumuaga shangazi yako. Nataka niwe nimemaliza kabla hujarudi. Mambo ya chandarua, ya kutunza vyeti vyako, ya kutonunua chakula ovyo kila treni inaposimama mpaka ufike chuoni Dodoma, hayo shangazi yako atakuwa ameyasema yote, na kwa ninavyomjua atakuwa ameyarudia. Mimi nina jambo moja tu, na mdomo wangu umelishindwa wiki nzima.

Kesho asubuhi, kabla hatujaenda stesheni, Bwana Kessy atakuja na karatasi zake. Ulikuwepo Jumatatu alipokaa kwenye kiti cha baba yako akaeleza kwamba kampuni yake ya Dar es Salaam inataka kununua unga wetu. Inataka mchanganyiko, inataka jina, inataka na uso. Uso wako. Akasema kwa kuwa umeshapita miaka kumi na minane, sahihi yangu haitoshi, anahitaji na yako. Wewe ukajibu, "Nitasaini, Mama," ukaendelea kusuuza vyombo. Bwana Kessy alifurahi. Mimi sikufurahi, kwa sababu ile sauti naijua. Niliwahi kuisikia siku moja, na unajua ilikuwa wapi.

Sehemu kubwa ya mambo haya yalipita ukiwa mdogo, na mtoto husikia nusu ya maneno ya wakubwa. Ngoja nikueleze toka mwanzo, halafu utajua nimefanya nini leo mchana na kwa nini.

Picha ile haikupigwa kwa ajili ya unga. Ulikuwa na miaka mitano. Bibi yako kule Ukerewe alikuwa mgonjwa, akaomba kukuona, na mimi nilikuwa na mimba ya mdogo wako, nzito, siwezi kupanda meli. Nikakupeleka studio ya Bwana Sadiki pale Mirongo. Enzi hizo Mwanza nzima ilipigwa picha na Sadiki, za harusi, za vitambulisho, hata za misiba. Akakukalisha kwenye stuli, ukanuna. Akakuita jina, ukanuna. Akakupa pipi, ukaitia mdomoni ukaendelea kununa. Mwisho akainama nyuma ya kamera yake akaanza kulia kama mwanambuzi aliyepotezana na mama yake, mzee mzima na kofia yake nyeupe ya darizi. Ukacheka mpaka ukajishika tumbo, na jino la mbele halipo. Hapo ndipo akabonyeza. Nilimlipa, nikaituma Ukerewe. Bibi yako alifariki picha ile ikiwa imeegemezwa kwenye kikombe kando ya kitanda chake.

Ikaja miaka ile ya kila mtu ajue lake. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba yako kilipunguza watu, kikasemwa kinatafutiwa mwekezaji. Baba yako alirudi nyumbani na masikio yaliyoharibiwa na mitambo, ndiyo maana mpaka leo anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nikaanza unga wa uji. Ulezi tuliuosha tukauanika juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, soya na karanga nikakaanga mwenyewe, mahindi nilichagua punje kwa punje. Wewe kazi yako ilikuwa kufukuza kuku. Nilikuwa napima kwa kikombe, nawauzia akina mama waliopeleka watoto kupimwa uzito kliniki, na watoto wao wakaongezeka kilo, na neno likaenda.

Bwana Sadiki ndiye aliyenishauri niweke kwenye mifuko yenye lebo. Alisema, "Weka uso, Mama Limi. Wapo wengi hapa wasiojua kusoma maandishi. Uso kila mtu anausoma." Akatoa nakala ya ile picha yako kwenye filamu aliyobaki nayo, akanipeleka mwenyewe kwa mpiga chapa. Tukaandika juu yake Unga wa Limi. Tulifunga mifuko kwa moto wa mshumaa, baba yako, mimi na wewe, na vidole vyetu vyote vilikuwa na malengelenge.

Watu hawakuita jina. Walisema, "Nipe ule wa mtoto anayecheka." Kirumba, Sengerema, Geita, mpaka kwetu Ukerewe. Nilikuwa nikiingia dukani nikaona uso wako umepangwa safu kwa safu, nasimama kidogo kabla ya kusalimia, niutazame. Nilijiona mtu. Sikuwahi kujiuliza wewe ukipita pale unajionaje.

Mwaka ulioingia kidato cha kwanza nilipeleka mzigo Kirumba kwa Mama Bhoke, yule Mkurya mwenye duka karibu na soko la samaki. Akaniangalia kwa mshangao. "Mbona asubuhi umeleta Rimi?" Nikasema sijaleta kitu. Akanionyesha. Mfuko uleule, rangi ileile, uso wako uleule na lile pengo la jino. Ila juu yake palikuwa pameandikwa Unga wa Rimi. Herufi moja tu, R badala ya L. Na Mkurya hilo jina lako hajawahi kulitamka vingine.

Ulikuwa unga wa Magesa, mfanyabiashara wa hapo hapo Kirumba, mwenye mashine mbili za kusaga na gari. Nikachukua mfuko mmoja nikaenda nao Mirongo kwa miguu, sikusubiri usafiri. Bwana Sadiki alikuwa peke yake studio. Nikamwamkia kwanza, maana ni mtu mzima, halafu nikauweka mfuko mezani.

"Huyu ni nani?"

"Ni Limi," akasema.

"Magesa amempata wapi?"

Akavua miwani. "Alikuja kununua picha, nikamuuzia picha. Mimi ndiyo kazi yangu."

"Umemuuza mwanangu, Bwana Sadiki."

"Mtoto ni wako, hilo sijakataa. Lakini kamera yangu, filamu yangu, taa yangu, na yule mbuzi aliyemchekesha nilikuwa mimi. Picha ni yangu, Mama Limi."

Nilitoka pale nikimchukia, na chuki ile ilinifunga macho kwa muda mrefu. Sikuona kwamba viti vya kusubiria wateja vilikuwa vitupu. Mjini zilikuwa zimefunguliwa studio za picha za rangi, unaacha filamu unakwenda sokoni ukirudi picha tayari, na mzee yule alikuwa anauza picha za zamani kwa sababu hakuwa na mpya za kuuza. Alichoamini ndicho alichosema. Hakunidanganya. Lakini mimi nikaamua kwamba mtu wa namna ile hawezi kusema kweli tena maisha yake yote, na kosa hilo ulililipa wewe.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Magesa alinunua mahindi yaliyonyeshewa, akayasaga vilevile na ukungu wake, akayatia kwenye mifuko yenye uso wako. Kirumba watoto wakaanza kutapika na kuharisha. Mmoja, Deo, mtoto wa mama mmoja mchuuzi wa dagaa, alilazwa hospitali, ikasemekana haoni jua la kesho. Akina mama wakaulizana yule mtoto wa kwenye mfuko ni wa wapi. Wapo waliojua. Wakaja Mkolani.

Nilikuwa uani nakaanga soya. Nikasikia geti linasukumwa, nikaona wanawake wanaingia, na mbele yao Mama Deo ameshika mfuko uliofunguliwa. Kabla sijasimama vizuri ukatoka ndani, bado umevaa sare ya shule. Mama Deo akautazama mfuko, akakutazama wewe.

"Ndiye huyu," akasema.

Nikawaambia, "Dada zangu, huo si unga wetu. Someni. Huo ni Rimi."

"Na sisi tumesema nini?" akasema Mama Deo. Msukuma yule, masikini, ulimi wake haukuweza kutofautisha R na L. "Tumesema Limi. Limi ndiye huyu hapa."

Akakusogelea akakumwagia unga wote kichwani. "Kula na wewe," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, akakaa chini palepale akaanza kulia. Wewe ulisimama. Macho tu ndiyo yalikuwa yanaonekana. Nilimkimbilia Mama Deo kumweleza. Limi, nilimkimbilia yeye. Nilitaka ajue unga si wangu. Nilipogeuka ulikuwa umeshaondoka, uko bombani unaosha nywele.

Deo alipona, tunamshukuru Mungu. Mama yake alirudi baadaye kuomba radhi, akaniomba mimi. Kwako hakuja, na mimi sikumwambia aje kwako. Niliona nimeombwa radhi, basi yameisha.

Siku ileile uliponiambia, "Mama, nitoe kwenye mfuko," nadhani unakumbuka nilichojibu.

"Nikikutoa, Magesa atabaki na wewe."

"Abaki."

"Utamwachia mwizi?"

"Sitaki kuwa unga wa mtu yeyote," ulisema.

Nilikukemea. Nikasema unajua ada yako inatoka wapi. Nataka uelewe kwamba sikusema vile kwa ubaya. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa ya kweli, maana haikupita muda ikaja barua ya wakili wa Magesa. Alikuwa amepeleka maombi Dar es Salaam aandikishiwe alama ya biashara, jina la Rimi pamoja na ile picha. Barua ilinitaka niache mara moja kutumia uso ule, kwa sababu ni alama ya mteja wake. Mimi nilikuzaa, nikakunyonyesha, nikakubeba mgongoni kwenda kuanika ulezi, halafu naambiwa nisitumie uso wako bila ruhusa ya Magesa. Baba yako aliisoma akaniuliza kwa lile lisauti lake, "Wanasema nini?" ingawa alikuwa ameshaielewa.

Tulikwenda kwa wakili, Bwana Rwegasira, kijana wa Kihaya mwenye ofisi ya chumba kimoja. Aliniuliza kama niliandikisha jina la unga wangu. Nikamuuliza naandikisha wapi. Akasema Dar es Salaam. Nikacheka kwa uchungu, maana mimi nilidhani mtu akishatoa jina kwa mtoto wake yameisha. Akanifundisha polepole. Akasema jina na sura ya mfuko ni jambo moja, na hata kama sikuandikisha, ikionekana watu waliujua unga wangu kwanza na Magesa anawadanganya, sheria inaweza kumzuia. Picha ni jambo la pili. Kwa sheria iliyokuwepo, aliyeagiza picha na kuilipia ndiye mwenye haki nayo, isipokuwa wawe wamepatana vingine. Kwa hiyo Sadiki alikosea. Lakini ilibidi ithibitike mahakamani kwamba mtoto wa kwenye picha ni wewe, na kwamba ni mimi niliyeagiza. Magesa alikuwa anasema picha ni ya mtoto wa dada yake.

"Bwana Sadiki ameitwa kama shahidi," wakili akasema. "Tumsikilize yeye."

"Yule atasema uongo," nikasema. "Nitakuja na Limi."

Akasita. "Mtoto ana umri gani?"

"Anatosha," nikasema.

Sikukuuliza. Nilikupigia pasi gauni la Krismasi, nikakuambia kesho huendi shule.

Siku ile mahakamani alianza Mama Bhoke. Wakili wetu akampa mfuko mmoja, akamwambia asome. "Rimi," akasema. Akampa wa pili. "Rimi." Wakili akamuuliza, "Kwa hiyo ni unga mmoja?" Mama Bhoke akakunja uso. "Si mmoja. Wa huyu mama ni mzuri, wa yule unanuka. Lakini jina ni moja." Watu wakacheka, hata jaji akatabasamu huku anaandika. Nilijisikia nimeshashinda.

Kisha ukaitwa wewe. Wakili wa Magesa alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti. Aliinua mfuko, akakuuliza kama huyu ni wewe. Ukasema ndiyo. Akasema mtoto wa kwenye picha anacheka, na uso unaocheka na uso ulionuna ni vitu viwili. Akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, ningeomba shahidi acheke, ili mahakama ilinganishe."

Jaji alikutazama, nadhani naye ana watoto, akasema, "Si lazima, binti. Hujakosea kitu. Kama hutaki, usicheke."

Ulinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, na baba yako yuko nje kwa sababu hasikii vizuri na aliogopa kusumbua. Uliniangalia mimi, na mahakama nzima ikageuka kuangalia unamtazama nani.

Nikasema, "Cheka, Limi."

"Haya, Mama," ukasema. Kwa sauti ile.

Ukacheka. Ulifungua mdomo ukatoa meno, ukaendelea kushikilia hivyo, na wakili akakusogelea na mfuko akauweka karibu na shavu lako, na machozi yakawa yanakutoka huku meno yako nje, na wewe hukufunga mdomo kwa sababu hakuna aliyekuambia sasa basi. Jaji ndiye aliyesema, "Inatosha. Kaa chini."

Baada yako akaingia Bwana Sadiki. Akaapa kwa Kurani. Akaulizwa mtoto wa kwenye picha ni nani. "Ni Limi, binti wa huyu mama," akasema. "Mama yake alimleta, aliagiza, akanilipa. Mimi niliamini picha ni yangu kwa sababu niliipiga. Kama sheria inasema si yangu, basi nilichukua kisicho changu, na hilo nalisema mbele ya Mungu." Hapakubaki cha kubishania. Jaji alimzuia Magesa siku hiyohiyo, na hukumu ilipotoka ikawa yetu, na maombi yake ya Dar yakatupwa.

Tulipotoka nje mzee Sadiki alikuwa amesimama kwenye ngazi. Hakuniangalia mimi. Alikuangalia wewe, umekaa kwenye sakafu ya veranda na gauni lako la Krismasi, halafu akaniuliza, "Mbona hamkunisubiri?"

Mwanangu, kesi ile tuliishinda kwa maneno ya Sadiki. Kile kicheko hakikuhitajika. Nilikulazimisha kwa sababu sikumwamini mtu mmoja, na kwa sababu nilitaka kushinda kwa mkono wangu. Baba yako, nilipomwambia tumeshinda, alikutazama akasema, safari hii kwa sauti ya chini kuliko nilivyowahi kumsikia, "Na huyu?"

Nilikuwa nimekuahidi kesi ikiisha nakutoa kwenye mfuko. Kesi ikaisha. Nikasema nimalizie lebo zilizokwisha chapwa. Zikaisha, nikachapa nyingine. Nitatoaje kitu nilichokipigania namna ile? Wakili alikuwa ameshaniandikishia na mimi Dar, jina na picha, nikapata cheti chenye muhuri, nikakitundika ukutani ambapo watu wengine hutundika picha za familia zao. Na wewe ukaanza tabia ya kuziba mdomo kwa kiganja unapocheka. Wageni wanasema una adabu. Mimi najua si adabu.

Sasa nije kwa Bwana Kessy. Si mtu mbaya. Alinieleza vizuri kwamba Bunge limepitisha sheria mpya ya hakimiliki mwaka huu, na makampuni yameanza kuwa makini, hayataki kununua unga halafu yanunue na kesi. Yanataka sahihi ya kila mwenye haki. Ndipo aliponisomea kile kipande cha mkataba. Uso wako utatumika daima, mahali popote, kwa namna yoyote watakayoona inafaa. Na wanataka picha mpya, wewe mtu mzima, na mtoto mgongoni, ili wateja waone yule mtoto anayecheka amekuwa mama. "Na acheke vilevile," akasema.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, Limi. Fikiria mashine yetu ya kusaga ilivyochoka. Fikiria baba yako anavyoinua magunia na mgongo wake ule. Unga wa nje umejaa madukani kwenye makopo yanayong'aa. Nilitaka kusaini, na ningesaini, kama si wewe kusema "Nitasaini, Mama." Ungekataa, ningekubembeleza. Ungelia, ningekukemea kama siku ile. Ulipokubali kwa sauti ile, kalamu ikanishinda, nikamwambia arudi siku ya safari.

Leo mchana uliponiona nimevaa vitenge vya kutokea nilikuwa nakwenda kwenye gesti aliyofikia, pale Mirongo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumkatalia. Nilishafika mlangoni ndipo nikajiona. Nilikuwa nakwenda tena kuamua juu ya uso wako bila kukuuliza. Safari hii ningekuwa mama mzuri, safari ile nilikuwa mama mbaya, lakini mdomo ni uleule, na wewe umekaa nyuma unasubiri kuambiwa ucheke au usicheke.

Nikaingia. Nikamwambia, "Bwana Kessy, mchanganyiko wa unga ni wangu. Niliutafuta mwenyewe, kwa kuunguza na kumwaga. Huo nakuuzia leo. Jina na uso si vyangu."

"Mama, cheti kinasema ni vyako."

"Cheti kinasema hivyo."

Akafikiri ninapandisha bei. Akaniambia kwa upole, "Bila uso, unga ni unga tu."

"Basi nunua unga," nikasema.

Akaenda kupiga simu Dar es Salaam. Nilikaa kwenye korido ya gesti ile nikidhani nimeshawaponza baba yako na wadogo zako. Aliporudi alisema wamekubali mchanganyiko peke yake, na bei imeshuka sana kuliko uliyosikia Jumatatu. Nikasaini. Kwa hiyo hilo limekwisha, na kilichopatikana kinatosha kumpumzisha baba yako kuinua magunia. Mimi nitasagia watu mahindi yao kama akina mama wengine. Wadogo zako watasoma. Usije ukafikiri kwamba ukikataa kesho, kuna mtu humu ndani atalala njaa kwa ajili yako. Hakuna. Na Magesa akisikia uso umeachwa wazi, akaurudia, shauri lake. Sitakupeleka tena popote.

Bwana Kessy akauliza, "Na binti?" Nikamwambia, "Njoo kesho umuulize mwenyewe."

Atakuja na karatasi ya pili, ya jina na uso tu, na malipo yake ni ya kwako, si ya nyumba hii. Isome mpaka mwisho, kila neno. Pale panaposema "daima" muulize daima ni mpaka lini. Unaweza kukubali jina ukakataa uso. Unaweza kukubali picha ya zamani ukakataa mpya. Unaweza kukataa vyote, au kukubali vyote kwa sababu zako mwenyewe, na ukikubali sitaona umekosea. Bwana Rwegasira amesema ukitaka kumuuliza kitu kabla, atakuwa ofisini asubuhi na mapema.

Barua hii naiweka juu ya shuka zako, ndani ya sanduku, ambapo huwezi kuacha kuiona leo. Ukimaliza kuisoma huna haja ya kuja chumbani kwangu kusema kitu.

Kesho Bwana Kessy akishaketi, nitampa chai, halafu nitatoka. Nitakaa juu ya jiwe kule nyuma na baba yako, mlango nitauvuta nyuma yangu. Ukimaliza utatuita twende stesheni. Sitakuuliza umejibu nini.

Mama yako.